Imenyooka, Lakini Haijatulia: Mkazo Uliofungiwa Ndani ya Plastiki Yenye Nyuzi

Fungua boneti ya gari lolote la miaka ya karibuni utazame rejeta. Katikati ni alumini, na kwenye ncha zake kuna vichwa viwili vya plastiki nyeusi. Pangusa vumbi, mara nyingi utakuta herufi ndogo zimechapwa kwenye plastiki yenyewe: PA66-GF30. PA66 ni aina ya nailoni. GF30 maana yake asilimia 30 ya uzito wa kichwa kile ni nyuzi za kioo, nyingi zikiwa hazifiki hata milimita moja kwa urefu, zilizochanganywa humo kabla plastiki haijaingizwa kwenye kalibu.

Kichwa hicho cheusi kimezua ubishi usioisha magerejini. Kikipata ufa, mwenye gari anasema aliuziwa spea feki. Fundi anasema gari liliachwa likachemka. Aliyepita tu njiani anasema plastiki ni plastiki, warudishe zile rejeta za shaba. Kila mmoja huwa na siku yake ya kusema kweli. Ila kuna mhusika wa nne ambaye hatajwi, na alikuwemo ndani ya plastiki ile tangu dakika ilipotoka kwenye kalibu, kabla haijaonja hata tone la maji ya moto. Jina lake ni mkazo baki.

Mhusika huyu ndiye anayewasumbua wanaounda vifaa vya ndege kwa kaboni, na ndiye anayefanya bamba lililotoka kiwandani likiwa bapa lijikunje siku linapokatwa. Wengi wakimwona wanadhani ni uzembe wa fundi. Si kweli, au tuseme si kweli mara nyingi.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina

Kompoziti ni kitu kinachoundwa kwa vitu viwili vinavyoshikana huku kila kimoja kikibaki na tabia yake: nyuzi ngumu zinazobeba mzigo, na kitu kingine kinachozishika zisitawanyike. Nyuzi aghalabu huwa za kioo au za kaboni. Kinachozishika ndicho kinachogawa ukoo mzima katika nyumba mbili.

Nyumba ya kwanza mafundi wa boti wa Pwani wanaijua vizuri. Boti ya faiba huundwa kwa mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa rezini iliyotiwa dawa ya kugandisha. Rezini ikishakauka imekauka. Ukiipasha moto haiyeyuki, inaungua. Hii ndiyo themoseti. Kiwiliwili cha chombo cha majini cha Titan, kilichopondeka Juni 2023 kikielekea kwenye mabaki ya meli ya Titanic, kilikuwa cha nyumba hii: nyuzi za kaboni na epoksi. Tangu siku hiyo watu wengi wameitumia ajali ile kuhukumu kila kitu chenye neno kaboni, kuanzia baiskeli hadi bawa la ndege. Wanachanganya mambo. Nyuzi ni zilezile, lakini kinachozishika, namna ya kuunda, na mzigo wenyewe ni vitu tofauti kabisa.

Nyumba ya pili ni themoplastiki, na ndiyo tunayoizungumzia. Humo kuna nailoni, polipropilini, na kwa upande wa ndege kuna PPS na PEEK, plastiki mbili zinazostahimili joto kali. Hizi huyeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi, na unaweza kurudia. Hakuna mmenyuko wa kemikali wa kusubiri kwa saa kadhaa. Bamba linapashwa, linabanwa kwenye kalibu, linapozwa, linatolewa. Viwanda vinapenda kasi hiyo. Vinapenda pia kwamba vipande viwili vinaweza kuchomelewa badala ya kutobolewa na kupigwa ribiti. Ila ili kuzipata faida hizo lazima upande juu sana kwa joto, kisha ushuke njia yote, na matatizo yetu yote yanazaliwa wakati wa kushuka.

Limebaki neno mkazo. Ukining'iniza kilo 10 kwenye ukanda ambao ukiukata unaacha uso wa sentimita moja ya mraba, ndani ya ukanda huo kuna mkazo wa takriban megapaskali 1. Ukiondoa kilo hizo, mkazo unaondoka. Mkazo baki ni ule usioondoka kwa sababu haukuletwa na mzigo wowote wa nje. Kitu kimelala mezani, hakuna anayekivuta wala kukikandamiza, na bado ndani yake sehemu moja inavuta na nyingine inabanwa. Nguvu hizo mbili zinalingana, ndiyo maana kwa nje huoni kitu.

Bitana iliyoshonwa kabla ya kuloweshwa

Fundi cherehani mzuri huilowesha bitana kabla ya kuishona kwenye koti, ili isinyae mapema. Asiyefanya hivyo hukabidhi koti lililonyooka vizuri. Siku ya kwanza kufuliwa, bitana inasinyaa na kitambaa cha juu hakisinyai. Kwa kuwa vimeshonwa pamoja, hakuna kinachoweza kwenda peke yake: bitana inabaki imevutwa, kitambaa cha juu kinabaki kimesukumwa, na koti linakunjamana. Kila kitambaa kilikuwa kizima peke yake. Kilicholeta shida ni kuunganishwa kwa vitu viwili visivyosinyaa sawa.

Katika kompoziti, plastiki ndiyo bitana na nyuzi ndizo kitambaa cha juu. Tofauti ya kusinyaa kwao ni kubwa kuliko mtu anavyodhania. Chukua kipande cha mita moja ukipoze kwa sentigredi 100. Kioo kitapungua karibu nusu milimita. PEEK, ikiwa imekwisha kuwa ngumu, itapungua kama milimita 4.7. Nailoni tupu inaweza kupungua kama milimita 8. Unyuzi wa kaboni ukiupima kwa urefu wake haupungui kabisa. Unarefuka kidogo sana, chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Ndiyo, unapoozwa unarefuka. Atomi zake zimepangwa kwa namna inayoleta tabia hiyo ya ajabu, na ndiyo inayofanya ndoa yake na plastiki iwe ngumu kuliko ndoa ya kioo na plastiki.

Sasa swali ambalo wengi hulipita haraka: kusinyaa huku kunaanza kuhesabiwa lini? Plastiki ikiwa bado uji, haina jinsi ya kuuvuta unyuzi, inateleza tu. Mkazo unaanza kujengeka pale plastiki inapopata nguvu ya kushika. Kwa PEEK, ambayo huyeyuka kwenye sentigredi 343, hatua hiyo huja kwa awamu mbili. Ikishuka hadi karibu sentigredi 300 hivi, kutegemea kasi ya kupoza, sehemu ya molekuli zake hujipanga na kufanya fuwele ndogondogo. Fuwele hizo ndizo mwanzo wa kushika. Plastiki inayozizunguka bado ni laini, kwa hiyo sehemu ya mkazo hulegea yenyewe kadiri unavyojengeka. Ikifika sentigredi 143, ule ulaini nao unakwisha. Kuanzia hapo hadi joto la chumba, karibu kila kinachosinyaa kinahesabiwa na kinabaki.

Fuwele zenyewe zinaongeza deni. PEEK isiyo na fuwele ina uzito wa takriban gramu 1.26 kwa sentimita moja ya ujazo. Ndani ya fuwele molekuli zimejibana hadi 1.40. Katika kipande cha kawaida, karibu theluthi moja ya plastiki hugeuka fuwele. Maana yake plastiki inapungua ujazo mara mbili: kwa kupoa, na kwa kujipanga. Epoksi nayo hupungua inapogandishwa, hilo tusilifiche, lakini epoksi za ndege kwa kawaida hugandishwa kwenye sentigredi 180 au chini ya hapo, na safari ya kutoka hapo kurudi joto la chumba ni fupi kuliko ile ya PEEK.

Ngazi tatu, na ile ya kati ndiyo yenye maneno

Mkazo huu hukaa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ya chini kabisa ni kati ya unyuzi mmoja na plastiki inayouzunguka. Unyuzi wa kaboni una unene wa karibu maikromita 7, kwa hiyo haya hayaonekani kwa macho. Plastiki inausinyalia unyuzi na kuubana pande zote, jambo ambalo kwa kiasi fulani linasaidia, kwani linaongeza mshiko. Ngazi ya juu kabisa ni ya unene mzima wa kipande: ngozi ya nje inapoa kabla ya kiini. Nitairudia.

Ya kati ni kati ya tabaka na tabaka. Bamba la kompoziti halina tabaka moja. Nyuzi zina nguvu kuelekea upande wao tu, kwa hiyo mhandisi hupanga tabaka moja nyuzi zikienda mbele, linalofuata zikikata kushoto kwenda kulia, na mengine zikilala mshazari, ili bamba liwe na nguvu kila upande. Tabaka la kaboni na PEEK likipoa kutoka sentigredi 143 hadi 23, kufuata nyuzi halipungui hata sehemu ya kumi ya milimita kwa kila mita. Kukata nyuzi, yaani upande unaozivuka, linapungua karibu milimita 3.6 kwa kila mita. Tabaka lilelile, siku ileile, pande mbili tofauti.

Yabandike matabaka mawili ya namna hiyo, moja likiwa limegeuzwa digrii 90 juu ya jingine. Upande ambao la kwanza linataka kusinyaa, la pili linakataa. Upande mwingine ni kinyume chake. Ukilitoa bamba hilo kwenye kalibu, halikai bapa. Linajikunja kama mfereji wa bati, na ukilibonyeza kwa vidole linaruka ghafla na kujikunja kuelekea upande wa pili. Wanafunzi wa uhandisi huonyeshwa hili mapema, na halihitaji mashine yoyote: joto limelipinda, na hakuna kosa lililofanyika.

Dawa ya kujikunja inajulikana na kila kiwanda kinaitumia: panga matabaka kwa ulinganifu, kiasi kwamba nusu ya juu ni kivuli cha nusu ya chini. Ni sawa na kushona bitana mbili, moja kila upande wa kitambaa. Koti linanyooka. Lakini bitana zote mbili bado zinavuta! Hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi katika mazungumzo ya mtaani, na hata ya baadhi ya mafundi: kudhani kwamba bamba lililonyooka halina mkazo. Bamba lenye ulinganifu limenyooka kwa sababu mivuto ndani yake imefungana sare.

Na sare hiyo ina bei. Katika bamba la kaboni na PEEK lenye matabaka yanayokatana, mkazo wa kuvuta unaokaa ndani ya tabaka, kukata nyuzi, unaweza kufika megapaskali 40 hivi. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 400 kwenye uso wa sentimita moja ya mraba. Uwezo wote wa tabaka hilo kuvumilia mvuto wa upande huo ni kama mara mbili ya hapo. Kwa maneno mengine, kabla ndege haijaondoka ardhini, kabla mtu hajaegemea chochote, karibu nusu ya uwezo wa tabaka katika upande wake dhaifu imekwisha kutumika kujishikilia. Ukijumlisha baridi ya angani huko juu, inayofika sentigredi 50 chini ya sifuri, kusinyaa kunaendelea na nusu ile inakua. Ndiyo sababu nyufa ndogo za kwanza hutokea kwenye matabaka yanayokata mzigo, si kwenye yanayoubeba.

Kona isiyokubali digrii 90

Tengeneza kipande chenye umbo la herufi L kwenye kalibu iliyochongwa digrii 90 kamili. Kitoe. Kipime. Utapata karibu digrii 89, pengine chini kidogo, na hutaweza kuilaumu kalibu.

Sababu iko kwenye unene. Nyuzi zote zimelala kufuata uso wa bamba, hakuna unaosimama wima kupita katika unene. Kwa hiyo kwa urefu bamba halipungui, lakini kwa unene hakuna wa kuizuia plastiki, nayo inasinyaa kwa raha yake. Pale konani kuna mzunguko wa nje na mzunguko wa ndani. Urefu wa kila mmoja umebaki ulivyokuwa, ila umbali kati yao umepungua. Jiometria inabaki na njia moja tu ya kulipatanisha hilo: kona ijikunje zaidi. Kwa kusinyaa kwa kawaida na joto la kawaida la kazi hii, digrii 90 hupoteza kati ya 1 na 2.

Digrii moja inaonekana ndogo hadi uifuate mbali. Mwishoni mwa ubawa wa sentimita 30 imekuwa milimita 5. Mkusanyaji wa ndege akikuta pengo la milimita 5, kishawishi cha kwanza ni kubana kwa skrubu hadi pengo lifunge. Linafunga, na macho yanaridhika, ila kipande sasa kina mkazo wa kuzaliwa nao na mkazo wa kulazimishwa. Njia ya watu wazima ni kuikosea kalibu kwa makusudi: kuichonga digrii 91 na kitu, ili kipande kikijikunja kiangukie 90. Kuipata hiyo “na kitu” kwa mara ya kwanza ndiyo kazi inayolipwa pesa nyingi, kwa sababu inategemea plastiki, mpangilio wa matabaka, kasi ya kupoza, na kalibu yenyewe.

Kalibu nayo si mtazamaji. Kwa mita moja na sentigredi 100, alumini inasinyaa milimita 2.3 na chuma milimita 1.2, wakati bamba la kaboni lililoing'ang'ania halitaki kusinyaa. Kalibu inapopoa inalikokota tabaka la chini, la juu halikokotwi, na bamba lenye ulinganifu kamili linaweza kutoka limepinda. Hii ndiyo sababu kalibu za gharama huundwa kwa Invar, aloi ya chuma na nikeli isiyobadilika sana kwa joto, iliyompa Charles Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Ni nzito na ni ghali, ila haivuti.

Turudi gerejini kidogo

Kichwa cha rejeta hakina matabaka. Nailoni iliyoyeyuka, ikiwa na nyuzi zake fupi, husukumwa kwenye kalibu kwa shinikizo kubwa. Nyuzi hufuata mkondo kama magogo mtoni, hasa karibu na kuta. Matokeo ni yaleyale ya tabaka, kwa upole zaidi: kufuata mkondo kichwa kinasinyaa asilimia 0.3 hadi 0.5 hivi, kukata mkondo kinaweza kufika karibu asilimia 1. Kuta ndefu za kisanduku kama hicho hupenda kuingia ndani kidogo, kwa sababu ileile ya kona. Na pale mikondo miwili ilipokutana, tuseme nyuma ya tundu la bomba, nyuzi hazikuvuka mpaka. Kuna mshono wa plastiki tupu ambao macho hayauoni.

Kichwa hicho kikibanwa kwenye alumini kwa vile vimeno vya kukunjwa, kikajazwa kulenti, kikapashwa hadi sentigredi 90 na kuachwa kipoe, kila siku kwa miaka, nailoni huchakaa kwa joto na maji. Uchakavu ndio unaoua, hilo liwekwe wazi. Mkazo baki huchagua mahali pa kuanzia ufa. Ndiyo maana vichwa vya aina moja ya gari hupasuka karibu palepale, na fundi mwenye uzoefu anajua pa kupitisha kidole kabla hata ya kuwasha tochi. Spea feki zipo, nyingi tu, na mara nyingine kosa lake ni nyuzi kidogo kuliko inavyostahili au kalibu iliyoharakishwa. Lakini ufa peke yake hauthibitishi ufeki.

Kuna jambo moja ambalo linakwenda kinyume na matarajio. Nailoni hunywa unyevu. Kipande kilichotoka kwenye kalibu kikiwa kikavu, kikakaa kwenye hewa ya Mombasa au Dar es Salaam, kitaendelea kunywa kwa wiki na miezi, na kikinywa kinatanuka kidogo na kulegea. Kwa kuwa mkazo ulitokana na plastiki kutaka kusinyaa, kutanuka huku kunaulipa sehemu ya deni. Unyevu unaopunguza ugumu wa nailoni unapunguza pia mvuto uliofungiwa ndani yake. PEEK haina bahati hiyo, haifikishi hata nusu asilimia ya maji.

“Iache ipoe taratibu”

Huu ndio ushauri unaotolewa kwa kujiamini kuliko wote, na ni nusu ya ukweli.

Nusu iliyo sahihi inahusu ile ngazi ya unene mzima. Ukipoza kipande kinene ghafla, ngozi inaganda huku kiini bado ni moto. Baadaye kiini kinataka kusinyaa na ngozi iliyokwisha kuwa ngumu inakizuia. Mwisho wake kiini kinabaki kimevutwa na ngozi imebanwa. Kupoza polepole kunaleta usawa kati ya ndani na nje, na mkazo wa aina hii unapungua.

Nusu isiyo sahihi ni kudhani kwamba polepole inaponya ngazi zote. Tofauti kati ya tabaka na tabaka haijali saa. Hata ukipoza kwa wiki nzima, kaboni itakataa kusinyaa na PEEK itasinyaa. Zaidi ya hapo, ukipoza polepole fuwele zinapata nafasi ya kuanza kwenye joto la juu zaidi na kuwa nyingi zaidi, kwa hiyo plastiki inaanza kushika mapema na njia ya kushuka inarefuka. Mkazo kati ya matabaka unaweza kuongezeka. Ukipoza haraka, fuwele ni chache, mkazo huo ni mdogo na plastiki haivunjiki ovyo, lakini inapoteza ustahimilivu wake dhidi ya kemikali na dhidi ya joto, na hizo ndizo sababu zilizofanya PEEK inunuliwe kwa bei yake.

Kuna wanaosema basi kipashwe tena tanurini, kikae kwenye sentigredi 200 kwa saa kadhaa, kilegee. Inasaidia, hasa kwa mkazo wa ngozi na kiini. Ule wa kati ya matabaka unalegea humo tanurini, kisha unarudi kipande kinapotolewa na kupoa upya. Tofauti ya kusinyaa haikwenda popote.

Na si kila mkazo baki ni adui. Kioo cha nyuma cha gari hupozwa kwa hewa kali makusudi, ngozi yake ibaki imebanwa, na ndiyo maana kinahimili kugongwa na kikivunjika kinakuwa chengachenga zisizokata. Ukivaa miwani ya jua yenye polaroidi ukakitazama, utaona madoa yaliyopangwa kwa mistari: ni alama za mkazo ule zikionekana kwa macho yako mwenyewe.

Kompoziti ya kaboni ni nyeusi tii, mwanga haupiti, kwa hiyo njia hiyo haifai. Wapimaji hukata. Hutengeneza ukanda usio na ulinganifu, wakapima ulivyojikunja na kukokotoa kurudi nyuma. Au hukwangua tabaka moja la juu kutoka kwenye bamba zima na kutazama lililobaki linapinda kiasi gani, maana sare imevunjwa. Au hutoboa tundu dogo huku vipimio vilivyogandishwa pembeni vikisoma uso unavyojongea. Njia isiyoharibu ni kulaza nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, zenye alama maalumu ndani yake, katikati ya matabaka tangu mwanzo. Kipande kinapopoa, rangi ya mwanga unaorudi inabadilika na mkazo unasomwa ukiwa unazaliwa.

Kwenye ndege

Themoplastiki si ndoto ya kesho. Kingo za mbele za mabawa ya Airbus A380, ndege iliyoruka mara ya kwanza Aprili 2005, zina vipande vya PPS na nyuzi za kioo vilivyochomelewa. Usukani wa mkia wa Gulfstream G650 ni wa kaboni na PPS. Airbus A350, ambazo Ethiopian Airlines wamekuwa nazo tangu 2016, zimejaa vishikizo vidogo vya themoplastiki vinavyofunga ngozi ya kiwiliwili kwenye mbavu zake. Vishikizo hivyo vina kona, na kila kona ilibidi ikosewe kwa makusudi kwanza.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kipande cha kiwiliwili chenye urefu wa mita 8 na upana wa karibu mita 4, kilichounganishwa Stade, Ujerumani, chini ya mpango wa utafiti wa Ulaya. Nusu ya juu iliundwa Augsburg kwa roboti inayolaza utepe wa kaboni na themoplastiki huku leza ikiuyeyusha hapohapo, bila tanuri la mgandamizo, lile linalopasha na kukandamiza kwa pamoja. Kisha nusu mbili zikachomelewa.

Kwa upande wa gharama ni jambo la kupigiwa makofi. Kwa upande wa mkazo ni sura mpya. Utepe ulioyeyushwa na leza unagusa tabaka baridi chini yake na kuganda kwa muda mfupi mno, fuwele zikiwa chache. Tabaka linalofuata linapolazwa, joto lake linaligusa tena lile la chini, na hivyo kila tabaka lina historia yake ya joto. Mshono wa kuchomelea nao ni ukanda mwembamba unaoyeyuka katikati ya bahari ya vitu baridi. Unapoganda unataka kusinyaa, na pande zote mbili zimesimama imara. Dawa inayojulikana ni kuipasha kalibu yote iwe moto wakati roboti inafanya kazi, juu ya lile joto ambalo plastiki inakuwa ngumu. Inafanya kazi vizuri kwenye bamba la maabara. Kwenye kalibu ya mita 8 umeme wake unaanza kula akiba iliyopatikana kwa kuacha tanuri.